Upande wa Pili wa Mlango wa Kijani

Wallsend,
9 Oktoba 1932

Shangazi yangu Lavinia,

Pokea salamu kutoka huku kwenye upepo wa mtoni. Sisi ni wazima, ukiacha kikohozi cha Roland. Akikohoa yeye, jirani naye anajibu ng'ambo ya ukuta, kwa hiyo jioni zetu hazikosi mazungumzo. Kazi kiwandani inaendelea vizuri, meli zinajengwa kama kawaida. Matufaha uliyotuma yalifika. Yaliyopondeka nimeyapika jemu, na mazima mume wangu ameyala peke yake akidai ni dawa ya kifua.

Magoti yako yanaendeleaje? Na Bi Tranter hajambo? Mwambie sijausahau mkate wake wenye mafuta ya nyama, aliokuwa akinipa kwenye ngazi za nyuma wakati wewe ukidhani nimelala.

Kilichonikalisha niandike ni hiki. Juzi nilipita kwenye kanisa moja, nikakuta mafundi wanang'oa vigae vya sakafuni, vyekundu na vya manjano, vya aina ile ya ukumbini kwako, na kuvitupa kwenye mkokoteni. Nilisimama nikivitazama mpaka fundi mmoja akaniuliza, "Vipi mama, umedondosha kitu?" Nikaikumbuka nyumba yote: mnara, zile mbao za ukingo wa paa zilizotobolewa kama lesi, na dirisha la vioo vya rangi pale ngazi kuu inapokata kona, lililokuwa likinipaka ukijani usoni kila niliposhuka kula. Vyote bado vipo?

Ningependa pia kufahamishwa iwapo nyumba ingali inatunzwa katika hali ileile, na kwa watumishi wa idadi ileile, kama alivyoagiza marehemu babu katika wosia wake.

Nakutakia afya,
Mpwa wako, Hester


Ferncliffe, karibu na Malvern,
6 Novemba 1932

Mpwa wangu Hester,

Mimi mzima. Magoti ni yaleyale, yananiletea habari za mvua kabla ya gazeti. Tumepata mchungaji mpya, sauti nyembamba na mahubiri manene. Paka mzee amekufa, nikamzika mwenyewe kwenye waridi. Nimechelewa kukujibu kwa makusudi, maana barua yako nimeisoma tena na tena nikitafuta ni nani aliyeiandika.

Ya jemu ni yako. Ya vigae ni yako, na ilinigusa. Lakini ile sentensi ya mwisho, hiyo ya "kufahamishwa iwapo", ina masharubu. Mpe salamu zangu mwenye masharubu.

Na kwa kuwa ameuliza, ajibiwe. Baba aliijenga Ferncliffe kwa sindano za kiwanda chake, na kila tofali la manjano unaloliona katikati ya mekundu lilinunuliwa na wanawake wanaoshona. Wosia wake unasema nitakaa hapa maisha yangu yote maadamu nyumba inabaki kama alivyoiacha, pamoja na watu wake: msimamizi, mpishi, na wasichana wawili wa kazi. Siku nitakaposhindwa, iuzwe, na fedha ziende upande wa marehemu baba yako, yaani kwako wewe. Basi ieleweke kwamba hapa hakijabadilishwa hata kitasa. Majirani wameingiza umeme, mimi bado nawasha gesi. Karatasi za ukutani za sebuleni ni zilezile za harusi ya mama. Watu wa baiskeli wanaopita barabarani husimama langoni wakavua kofia. Na watumishi wote wapo: Bi Tranter, mpishi Bi Gossage, Ivy na Phyllis.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, maana hata kama umekuwa adui, ni adui wa damu.

Kuna kitu kinaendelea nyuma ya mlango wa kijani. Unaukumbuka, ule wa mwisho wa ukumbi, uliovikwa kitambaa kizito ili harufu za jikoni na maneno ya jikoni yasitufikie. Unajua jinsi nyumba hii ilivyotengenezwa. Ngazi zao zimo ndani ya kuta, milango yao sebuleni imebandikwa karatasi za ukutani mpaka usiione, chakula kinaingia kwa kidirisha, na moto unawashwa kabla hatujaamka. Baba alisema mtumishi mzuri ni kama sindano nzuri, unaona mshono tu. Kwa hiyo sikushtuka mapema. Lakini Phyllis sijamwona kwa macho kwa muda mrefu mno. Nikiuliza, ana mafua. Nikimuulizia Ivy, naye ana mafua. Chai inafika kwenye kidirisha, ya moto, mkono siuoni.

Na masikio ninayo. Namsikia Bi Tranter kule nyuma akimgombeza Ivy: "Wewe mtoto, vumbi hilo unamwachia nani?" Ivy hajibu! Ivy ninayemjua mimi angejibu kabla hajaulizwa. Kisha nasikia hatua nzito zinatoka stoo ya makaa, na kikohozi. Mpishi hajawahi kubeba makaa maishani mwake.

Kuna mwanamume humo ndani, Hester. Bi Tranter ameficha mwanamume nyumbani kwangu, na wenzake amewaziba midomo.

Shangazi yako,
Lavinia Ormerod


Wallsend,
20 Novemba 1932

Shangazi mpendwa,

Nimesikitika kwa ajili ya paka. Alinikwaruza utotoni lakini tulisameheana. Huku baridi imeingia na sisi hatujambo. Na Roland hana masharubu, aliyanyoa tangu Pasaka.

Habari ya Bi Tranter imenishangaza. Mwanamume? Bi Tranter huyu aliyekuwa akimfukuza hata mleta maziwa asikanyage kizingiti? Siamini, lakini siwezi kusema si kweli, niko mbali.

Kwani shangazi, kwa nini usiusukume mlango ukaangalie? Ni mlango tu, hauna hata kufuli. Ukiingia, kuna ujia wenye sakafu ya mawe, na juu ukutani zimepangwa zile kengele, kila moja na jina la chumba chake, na kila moja na sauti yake. Mimi nilikuwa nazitambua nimefumba macho. Ya sebule ndogo ilikuwa inalia kama mtu anayechekeshwa, ya chumba chako inalia kwa hasira. Mkono wa kulia ni jiko, wa kushoto ni ngazi za nyuma, nyembamba, zimechakaa katikati. Nenda mchana, ingia, uwahesabu, utoke. Utakuwa umemaliza.

Kwa sasa usimwambie mtu. Niandikie mimi kila utakachokiona, pamoja na tarehe.

Wako,
Hester


Ferncliffe,
4 Desemba 1932

Hester,

Salamu fupi, kwa sababu nina hasira. Magoti vilevile. Mchungaji vilevile.

Pamoja na tarehe! Unanifanya mimi karani wa mume wako?

Na hilo la kuusukuma mlango, umekuwa huko kaskazini muda mrefu mpaka umesahau umezaliwa wapi. Mimi sijavuka mlango ule hata mara moja. Mama aliishi humu mpaka akafa hajawahi kuliona jiko lake. Upande ule ni wao, upande huu ni wetu, na watu wanaheshimiana kwa sababu kila mmoja anajua kitambaa cha kijani kimeanzia wapi. Nikiingia kuwachungulia nitakuwa nimewaambia kwamba ni wezi, na nikikuta si wezi nitawatazama vipi tena? Huo ni ushamba, na sitaufanya.

Lakini mambo yamezidi. Nimeanza kukaa mnarani asubuhi na shali yangu, natazama ua wa nyuma. Mwuza nyama zamani alikuja na kikapu kinamwelemea. Sasa anakuja na kifurushi cha kutia mfukoni. Ama wanauza chakula changu kabla hakijafika, ama mwanamume wao anakipokea njiani. Nimemuuliza Bi Tranter kupitia mlangoni kwangu, "Mbona nyama imepungua?" Akanijibu, "Bi Gossage siku hizi anapenda mboga, Bi Lavinia." Bi Gossage! Mwanamke aliyekuwa akipika mboga huku akizitukana!

Na la pili. Bwana Penhallow, yule mwanasheria anayesimamia wosia, ameniandikia. Anasema "ndugu mmoja" ameeleza wasiwasi wake, na kwa hiyo atafika hapa tarehe nane Februari kuitazama nyumba na kuwaona watumishi wote kwa macho. Ndugu mmoja. Mimi nimebakiwa na ndugu wangapi, Hester?

Sitamsubiri. Krismasi nitaisimamisha desturi ya mama. Miaka yote ile, asubuhi ya Krismasi baada ya kanisa, mama alisimama ukumbini kwenye vigae, watumishi wakatoka kwenye mlango wa kijani mmoja nyuma ya mwingine kwa cheo, msimamizi mbele, na kila mmoja akapewa kitambaa cha gauni la kazi. Mwaka juzi Bi Tranter aliniambia kuna surua kule nyuma, nisiwakaribie. Mwaka jana mimi ndiye niliyekuwa kitandani na kifua. Mwaka huu kifua kizima. Nimeshanunua vitambaa, nimefunga vifurushi vyote vinne, na nimemwambia Bi Tranter.

Aliweka sinia mezani. Alisema tu, "Wote, Bi Lavinia?" Nikasema, "Wote, na mstari unyooke."

Lavinia


Wallsend,
13 Desemba 1932

Shangazi,

Nimepata barua yako. Tumshukuru Mungu kifua kimepona. Huku theluji imeanguka na mifereji imeganda, lakini tuna mkaa wa kutosha.

Habari za mwanasheria mimi siwezi kukueleza.

Kuhusu Bi Tranter, mtu asiyeficha kitu haogopi kupangwa mstari. Iwapo atatoa udhuru mwingine, ni dhahiri hastahili kuendelea kuaminiwa, na ingekuwa busara kumwondoa mara moja kabla hajasababisha hasara zaidi.

Natumaini goti halitakusumbua kanisani.

Hester


Ferncliffe,
22 Desemba 1932

Hester,

Sina salamu. Nakuandikia ili usikie kwangu.

Leo Bi Tranter alikuja sebuleni, akasimama kwenye zulia, akasema, "Bi Lavinia, nakuomba sana, mwaka huu tusiwapange. Nipe vifurushi nitawapelekea."

Nikamwambia, "Bi Tranter, kuna mwanamume ndani ya nyumba yangu?"

Akanitazama, kisha akacheka. Miaka yote hii sijawahi kumwona akicheka mbele yangu. "Mwanamume! Laiti angekuwepo, angebeba makaa."

Nikamwambia afungashe. Alikunja aproni yake akaiweka juu ya kiti, kiti changu, akaondoka na kapu moja kwa njia ya bustani. Barua yenu ilisema iwe mara moja, ikawa mara moja.

Krismasi nitawapanga waliobaki mimi mwenyewe.

L.O.


Wallsend,
4 Januari 1933

Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Sijapata neno kutoka kwako tangu kabla ya Krismasi. Siku ya sikukuu nilikaa mezani nikiwaza ukumbi wako, nikashindwa kula. Roland aliniuliza nina nini, nikamwambia jino.

Bi Tranter alikuwa akinipasha miguu kwa mikono yake nikiwa mdogo, wakati chumba cha watoto kilipokuwa na baridi na nikaambiwa nisipige kengele ovyo. Sikuandika hivyo kwenye barua iliyopita. Kuna mengi sikuyaandika, na yaliyoandikwa siyo yangu yote.

Roland hajaingia kiwandani tangu mwaka juzi. Wamekifunga. Nilikudanganya. Anazunguka chumbani akipanga tutafanya nini nyumba yako ikiuzwa, na mimi namsikiliza kwa sababu ni mume wangu na kwa sababu tuna njaa.

Niandikie hata mstari mmoja. Yeye kila siku anauliza kama tarishi amepita. Mimi nauliza kwa sababu nyingine.

Hester


Ferncliffe,
15 Januari 1933

Mpwa wangu Hester,

Nimepokea barua yako ya mwisho, nimeiweka mahali pake peke yake. Mimi ni mzima, ingawa mgongo umejiunga na magoti. Ninakuandikia kutoka jikoni. Soma tena neno hilo ukipenda.

Asubuhi ya Krismasi nilirudi kutoka kanisani, nikavaa broshi ya mama, nikavipanga vifurushi juu ya meza ya ukumbini. Moto ulikuwa haujawashwa. Nilijua kwamba wamenuna kwa ajili ya Bi Tranter, na nilikuwa tayari kuwasamehe. Nikasimama kwenye vigae, pale palipo na ua la manjano, nikavuta kengele. Niliisikia kwa mbali ikilia nyuma ya kitambaa. Nikangoja. Nikavuta tena. Nikaingia sebule ndogo nikavuta ya huko, nikaenda chumba cha kulia nikavuta ya huko. Hester, nilikwenda chumba hadi chumba katika nyumba yangu nikivuta kengele zote, mpaka nyuma kule kukawa na makelele kama shule inayotoka, na mlango wa kijani haukusogea.

Basi nikausukuma. Ni mwepesi, umenishangaza. Nilidhani ungekuwa mzito.

Ujia ni kama ulivyoandika, kengele zilikuwa bado zinatikisika juu yake. Jikoni hakukuwa na mtu. Meza ndefu, benchi ndefu, na mwisho wa meza kikombe kimoja na kiti kimoja kimesogezwa kwenye jiko. Ukutani zilining'inia aproni tatu zilizopigwa pasi, zimenyooka kama zilivyotoka kwa dobi. Chini yake viatu. Vya Ivy, vile vya kisigino kinachogonga. Buti za Bi Gossage. Zote zimechakaa nyayo, Hester, lakini ndani zimejazwa matambara ili zimtoshe mtu mwenye mguu mdogo.

Nilikaa kwenye kile kiti. Nilielewa yote kwa mpigo, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Hakukuwa na mwanamume. Hakukuwa na mtu. Yule niliyemsikia akipanda kwa haraka, yule aliyekokota miguu, yule aliyekohoa kwenye makaa, na yule asiyejibu akigombezwa, wote nilikuwa nimewafukuza siku ile pamoja, na wakaondoka na kapu moja.

Siku hiyo nilikula biskuti. Kesho yake nikavaa viatu vya bustani, nikashuka hadi kijijini kwa mdogo wake Bi Tranter. Nilizunguka nyuma nikagonga mlango wa jikoni, kwa kuwa sikujiona na haki ya ule wa mbele. Alifungua mwenyewe, mikono ina unga.

"Bi Lavinia! Umekuja kwa miguu? Na magoti hayo?"

"Wako wapi, Bi Tranter?"

Hakuniuliza akina nani. Alinivutia kiti, akaniambia huku akikanda. Phyllis alikwenda kiwanda cha mchuzi Worcester, anakofanya kazi saa zake na Jumapili ni yake. Ivy aliolewa. Bi Gossage alifia kwa binti yake, na mimi, niliyekula chakula cha mkono wake maisha yangu yote, sikupeleka hata ua.

"Mbona hukuajiri wengine?"

"Niliwaleta! Walikuja wasichana, wakaziona zile ngazi, wakaiona ndoo ya makaa, wakaniuliza choo chao kiko wapi. Nikiwaonyesha, wanafunga kofia zao wanakwenda zao. Mmoja aliniambia, 'Mama, hapa si nyumba, hapa ni mgodi wenye mapazia.'"

"Na mimi hukuniambia."

"Ningekuambia ili iwe nini?" Hapo aliuacha unga. "Wewe hujui kusema uongo, Bi Lavinia. Ungemwandikia yule mwanasheria jioni ileile. Wangekupeleka kwenye vyumba vya kupanga mjini, ule samaki wa kuchemsha na wajane wanaokoroma. Nikaona heri nijue mimi peke yangu. Wewe ukisikia viatu, unalala vizuri. Basi nikavaa viatu."

"Na Ivy? Ulikuwa unamgombeza Ivy!"

"Ah, huyo nilimzoea. Kupiga kelele peke yako kunapasha joto."

Nilicheka, kisha nikalia mbele yake, na alinipa kona ya aproni yake nifutie. Nikamwomba arudi. Alisema atarudi, lakini makaa habebi tena peke yake, kwani mgongo wake umekwisha. Sasa makaa nabeba mimi. Ndoo nusu, ngazi za nyuma, napumzika pale zilipochakaa. Mlango wa kijani tumeuwekea kabari, unakaa wazi mchana kutwa, na nyumba nzima inanuka vitunguu.

Nimeiwaza sana nyumba hii tangu siku ile. Baba alimlipa msanifu aliyesifiwa kote ili tusimwone mtumishi hata mmoja, na msanifu alifanya kazi yake sawasawa. Waliondoka wote na nisione tofauti. Inatazamwa kutoka langoni na watu wanavua kofia, na humo ndani mwanamke mzee anabadilisha viatu kwenye giza la ngazi ili mwanamke mwingine mzee asijue kwamba yuko peke yake.

Tarehe nane Februari Bwana Penhallow atafika. Sitamdanganya, Bi Tranter kanisema vema. Akitaka kuwaona wote, nitamwonyesha walio jikoni, naye atahesabu, na Ferncliffe itauzwa. Bi Tranter anasema nitazoea samaki.

Nimekuandikia haya yote wewe, uliye na faida kubwa kuliko wote katika kuyajua, kwa sababu uliniambia ukweli kuhusu kiwanda. Sasa una karatasi yenye mkono wangu na sahihi yangu. Kama mwenye masharubu anataka ushahidi, huu hapa, na asihangaike na tarehe maana nimeziweka.

Shangazi yako anayekupenda,
Lavinia


Wallsend,
25 Januari 1933

Shangazi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa jikoni. Sisi tuko. Roland amenikasirikia na hasemi nami, hilo ni langu, usilibebe.

Posta ya huku imeharibika sana msimu huu wa theluji. Tangu ile barua yako fupi ya Desemba sijapata nyingine. Kama uliniandikia Januari, haikufika. Roland alimuuliza tarishi mara kadhaa, nami nilimwambia Roland hivyohivyo, haikufika. Siku hiyohiyo moto wetu uliwaka vizuri kuliko kawaida. Na yule ndugu aliyemwandikia mwanasheria hatamwandikia tena.

Kwa hiyo habari za karibuni nilizonazo ni kwamba nyumba iko kama babu alivyoiacha. Ila nimesikia, sikumbuki kwa nani, kwamba huenda una nafasi ya msichana wa kazi. Ninamjua mmoja. Si msichana tena, ana mvi mbili tatu, na mikono yake imeshaharibiwa na maji ya magadi ya kufulia. Ngazi za nyuma anazijua gizani. Kengele anazijua kwa sauti, hana haja ya kusoma majina. Hataki kujua choo kiko wapi, anakijua, na Mungu amsaidie. Mwanasheria alimwona mara moja tu, akiwa na meno ya maziwa, hawezi kumtambua akivaa kofia nyeupe. Wala hutalazimika kusema uongo wowote. Atakuwa anafanya kazi hiyo kwelikweli, na mshahara wake ni kitanda na mkate wenye mafuta ya nyama. Bado watu hawatatimia. Lakini huyu msichana atakwenda kiwandani kuongea na Phyllis, na choo kipya kinaweza kujengwa uani bila kugusa kitasa cha babu.

Mwambie Bi Tranter amwachie viatu vya Ivy, na ayatoe matambara. Miguu yake ni mikubwa, imechukua ya upande wenu.

Anafika Jumatano kwa treni ya mchana. Usiende kumpokea stesheni, wala usimfungulie ule mlango mkubwa wa mbele, nitazunguka uani. Wewe kaa sebule ndogo, weka miguu yako juu. Ukisikia mtu anapanguza viatu jikoni, vuta kengele.

Vuta mara moja tu, shangazi. Nitakuja.

Hester